Rafu Iliyosubiri Wenyewe: Miaka 80 ya Tuzo ya Vitabu vya Watoto Australia

Mshindi wa kwanza alikuwa ndege asiyeweza kuruka. Mwaka 1946, Vita vya Pili vya Dunia vikiwa vimekwisha mwaka mmoja tu nyuma, baraza changa la wapenda vitabu mjini Sydney lilitangaza kitabu bora cha mwaka kwa watoto wa Australia. Kiliitwa The Story of Karrawingi the Emu. Karrawingi ni emu, ndege mrefu wa nyika za huko, ambaye ukimwona mara ya kwanza utadhani ni mbuni aliyekonda. Hadithi iliandikwa na Leslie Rees, mzaliwa wa Perth aliyejulikana zaidi kwa kazi yake ya tamthilia katika redio ya taifa. Picha zilichorwa na Walter Cunningham.

Mwaka 2026 tuzo hiyo inatimiza miaka 80. Jina lake ni Tuzo ya Kitabu Bora cha Mwaka, na hutolewa na Baraza la Vitabu vya Watoto la Australia. Katika nchi yenye tuzo nyingi za vitabu, hii ndiyo ambayo stika yake ikibandikwa kwenye jalada mzazi asiyejua lolote kuhusu fasihi hunyoosha mkono dukani. Ukiipitia orodha ya washindi kutoka juu hadi chini, utasoma habari za nchi nzima: ilivyojiona, ilivyojidanganya, na ilivyojirekebisha mbele ya watoto wake.

Krismasi yenye theluji

Si kweli kwamba kabla ya 1945 Australia haikuwa na vitabu vya watoto. Ethel Turner alichapisha Seven Little Australians mwaka 1894, na kitabu hicho hakijawahi kusahauliwa. Mwaka 1918 vilitoka viwili kwa pamoja vilivyoingia kwenye damu ya taifa: The Magic Pudding cha Norman Lindsay, na Snugglepot and Cuddlepie cha May Gibbs, ambaye mashujaa wake ni watoto wadogo wa mkalitusi. Mwaka 1933 Dorothy Wall akamleta Blinky Bill, koala mtundu asiyeshikika.

Lakini hivyo vilikuwa visiwa katika bahari ya vitabu kutoka London. Mtoto aliyekulia Adelaide au Brisbane alijifunza kusoma kwa hadithi ambamo Krismasi ina theluji, ilhali kwake Desemba ni jua la utosini na nzi wengi. Alijua majina ya ndege wa Uingereza kabla ya kujua majina ya ndege waliokuwa wakilia dirishani pake. Rafu ya shule ilikuwa imejaa, ila ilijaa wageni.

Mwaka 1945 wakutubi, walimu, waandishi na wachapishaji wa Sydney wakaandaa Wiki ya Vitabu vya Watoto, wakifuata mfano wa Marekani. Vita vilikuwa vimeichosha dunia, na kaulimbiu ya mwaka huo ilihusu watu kuungana kupitia vitabu. Kutokana na wiki hiyo likazaliwa Baraza, na mwaka uliofuata Baraza likazaa tuzo. Majimbo mengine nayo yakaunda mabaraza yao, na mwishoni mwa miaka ya 1950 yakashikana kuwa chombo kimoja cha taifa.

Tangu mwanzo kazi hiyo imebebwa na watu wa kujitolea, wengi wao wanawake waliokuwa wakifundisha au kuhudumu maktabani siku nzima, kisha usiku wakasoma vitabu vya mashindano mezani kwao. Wahenga husema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Waasisi hawa hawakukubaliana na wahenga. Waliona kitabu chema cha watoto kikifia ghalani kwa kukosa wa kukitangaza, na wakaamua kukitembeza wenyewe.

Mabaharia, farasi na moto

Washindi wa mwanzo walikuwa na harufu ya chumvi ya bahari. Mwaka 1948 alishinda Frank Hurley, mpigapicha aliyekuwa ndani ya msafara wa Shackleton kule Antaktika, meli yao Endurance ilipobanwa na barafu hadi ikavunjika. Mwaka 1949 zamu ikawa ya Alan Villiers, baharia wa meli za matanga, kwa kisa cha wawinda nyangumi. Kitabu cha mtoto wakati huo kilitarajiwa kumwonyesha mwanamume shupavu akipambana na dunia.

Upepo ulibadilika polepole. Mwaka 1952 tuzo ilikwenda kwa Eve Pownall, aliyewasimulia watoto historia ya nchi yao katika The Australia Book, kikiwa na picha za Margaret Senior. Mwaka 1953 Joan Phipson aligawana ushindi kwa hadithi ya msichana na farasi wake. Mwaka 1956 Patricia Wrightson alishinda kwa kitabu chake cha kwanza, The Crooked Snake, na jina lake litarudi mara tatu zaidi. Kisha akaja Nan Chauncy, aliyezaliwa Uingereza na kukulia porini Tasmania. Alishinda 1958, 1959 na 1961. Kitabu chake cha tatu kushinda, Tangara, kilithubutu kuwaambia watoto kwamba wenyeji asilia wa Tasmania waliuawa na walowezi, wakati ambapo vitabu vingi vya shule vilipita juu ya jambo hilo kama gari linalopita juu ya daraja.

Miaka ya 1960 ilikuwa ya Ivan Southall. Aliwahi kuandika hadithi za rubani shujaa asiyeshindwa na lolote, kisha akageuka kabisa. Katika Ash Road, kilichoshinda mwaka 1966, vijana watatu wanawasha moto bila kukusudia, na moto huo wa nyika unawala watu na mashamba huku watu wazima wakihangaika na watoto wakibaki peke yao. Hakuna shujaa. Kuna hofu, hatia na moshi. Southall alishinda tena 1968, 1971 na 1976, na kwa kitabu chake Josh akapata Nishani ya Carnegie ya Uingereza ya mwaka 1971. Rafu iliyokuwa ikipokea vitabu kutoka London ikaanza kuipelekea London vyake.

Mwaka usio na mshindi

Orodha ya washindi ina mapengo, na hayo yanastahili kuadhimishwa pamoja na majina. Mwaka 1950 hakuna aliyepewa. Mwaka 1975 vilevile. Lakini pengo refu kuliko yote lilikuwa kwenye vitabu vya picha.

Tuzo ya vitabu vya picha ilitolewa mara ya kwanza mwaka 1956. Baada ya mshindi wa 1958 ikakaa hadi 1965 bila kumpata mwingine, na hata baada ya hapo ikaendelea kurukaruka miaka. Sababu yake haikuwa ukosefu wa wachoraji. Kuchapa kurasa za rangi ni gharama, soko la Australia lilikuwa dogo, na mchapishaji aliona ni nafuu kuagiza kitabu kilichokamilika kutoka ng'ambo. Waamuzi wangeweza kumpa nishani yeyote aliyepo ili sherehe isikose bibi harusi. Hawakufanya hivyo. Walikaa kimya, na kila mwaka wa kimya ulikuwa barua ya wazi kwa wachapishaji.

Majibu yalifika miaka ya 1970. Mwaka 1974 Jenny Wagner na mchoraji Ron Brooks walishinda kwa The Bunyip of Berkeley's Creek, kisa cha kiumbe wa matope anayezunguka akitaka kujua yeye ni nani. Mwaka 1978 wawili hao walirudi na John Brown, Rose and the Midnight Cat, kitabu cha kurasa chache kuhusu mama mjane, mbwa wake mwenye wivu, na paka mweusi anayesubiri nje usiku. Wapo wasomaji wanaosema paka huyo ni mauti, wapo wanaosema ni paka tu, na ubishi huo haujaisha. Mwaka 1982 Jan Ormerod alishinda kwa Sunshine, kitabu kisicho na neno hata moja: mwanga wa asubuhi tu, ukiingia chumbani na kumwamsha mtoto.

Tuzo nayo ilijua kupitwa. Mwaka 1983 Mem Fox, aliyezaliwa Melbourne na kulelewa misheni karibu na Bulawayo, alichapisha Possum Magic kwa picha za Julie Vivas, baada ya wachapishaji kadhaa kuukataa mswada wake kwa miaka. Tuzo ya vitabu vya picha ya 1984 ilikwenda kwa Pamela Allen, mchoraji hodari asiye na ubishi. Lakini kitabu cha Fox ndicho kilichogeuka kuwa zawadi ya kila mtoto anayezaliwa Australia. Vivyo hivyo Storm Boy cha Colin Thiele, kisa cha mvulana na ndege wake aina ya mwari ambacho kimetengenezewa filamu mara mbili, hakimo kwenye orodha. Thiele mwenyewe alisubiri hadi 1982, akashinda kwa kitabu kingine ambacho leo wachache wanakitaja.

Nani anasimulia?

Swali gumu kuliko yote katika miaka hii 80 limekuwa moja: hadithi za wenyeji asilia wa Australia ni za nani, na nani ana ruhusa ya kuzisimulia?

Mwanzoni hakuna aliyeuliza. Mwaka 1954 na 1957 walishinda wahariri Wazungu waliokusanya ngano za Waaborijini. Mwaka 1958 tuzo ya picha ilikwenda kwa mpigapicha Axel Poignant, kwa kitabu chenye picha nzuri za watoto wa Arnhem Land na jina la dharau kwenye jalada. Kilipochapishwa upya mwaka 1972 jina hilo lilibadilishwa.

Patricia Wrightson ndiye aliyelifanya swali hilo lisiepukike. Katika The Nargun and the Stars, kilichoshinda mwaka 1974, aliweka kando majini na vichimbakazi wa Ulaya, akajaza milima ya Australia viumbe wa simulizi za wenyeji wake, wakiwa wazee kuliko mlowezi yeyote na wasiojali uzio wake. Kazi hiyo ilimpa heshima kubwa. Wakosoaji waliokuja baadaye wakauliza kama viumbe hao walikuwa wake kuwachukua. Maswali hayo hayakufuta kipaji chake, na kipaji chake hakikuyafuta maswali.

Wakati huohuo wenyewe walikuwa wameanza kuingia mlangoni. Mwaka 1976 tuzo ya vitabu vya picha ilikwenda kwa The Rainbow Serpent cha Dick Roughsey, mchoraji wa jamii ya Walardil kutoka kisiwa cha Mornington, ambaye jina lake la kwao lilikuwa Goobalathaldin. Nyoka wa upinde wa mvua, muumba wa mito na mabonde, sasa alisimuliwa na mtu aliyempokea kutoka kwa wazee wake.

Mwaka 1988 Australia ilikuwa ikisherehekea miaka 200 tangu meli za Waingereza zitie nanga Sydney. Fataki zilirushwa, na Waaborijini wengi wakaandamana kuomboleza. Tuzo ya wasomaji wadogo mwaka huo ilikwenda kwa My Place cha Nadia Wheatley na Donna Rawlins. Kinachukua mahali pamoja tu na kurudi nyuma miaka kumi kumi, kila mara mtoto mwingine akieleza maisha yake hapo, kuanzia 1988 hadi 1788. Msimulizi wa kwanza ni mtoto Mwaborijini, na wa mwisho pia. Kwa muundo huo peke yake, bila hotuba, kitabu kilisema nani alikuwapo kabla ya meli.

Kisha ukaja mwaka 1999. Tuzo ya wasomaji wakubwa ilikwenda kwa Deadly, Unna? cha Phillip Gwynne, kuhusu urafiki wa vijana wawili, mmoja Mzungu na mmoja Mwaborijini, katika mji mdogo ambako watu hucheza mpira pamoja lakini huzikana mbalimbali. Ya wasomaji wadogo ilikwenda kwa My Girragundji, alichoandika Boori Monty Pryor, Mwaborijini kutoka kaskazini mwa Queensland, pamoja na Meme McDonald. Ya picha ilichukuliwa na The Rabbits cha John Marsden na Shaun Tan, ambamo sungura waliovaa sare wanashuka kutoka melini, wanazaana, wanakula nyasi zote na kuwachukua watoto wa wenye nchi. Watu walilalamika kwamba hicho si kitabu cha watoto. Waamuzi hawakutetereka. Miaka tisa baadaye, Februari 2008, waziri mkuu alisimama bungeni kuomba radhi kwa watoto wa wenyeji walionyang'anywa wazazi wao. Wasomaji wa The Rabbits walikuwa tayari wanajua ni radhi ya nini.

Vijana wapata chumba chao

Tuzo iliyoanza na kitabu kimoja kwa mwaka iliendelea kuongeza vyumba kadiri familia ilivyokua. Mwaka 1982 wadogo walitengwa na wakubwa, ili mtoto wa miaka tisa asishindane na kijana wa miaka kumi na sita. Vitabu vya maarifa vilipata tuzo yenye jina la Eve Pownall, mshindi wa 1952. Mwaka 2001 watoto wa chekechea nao wakapata yao. Mwaka 2019 ikaongezwa tuzo ya mchoraji mpya, iliyorithi kazi ya Tuzo ya Crichton iliyokuwa ikitolewa jimboni Victoria.

Chumba cha vijana ndicho kilichokuwa na kelele nyingi. Mwaka 1988 mwalimu John Marsden alishinda kwa So Much to Tell You, shajara ya msichana aliyeacha kuzungumza. Mwaka uliofuata Beyond the Labyrinth cha Gillian Rubinstein kilizua mzozo kwa sababu ya matusi yaliyomo: je, shule ikinunua kitabu chenye nishani, imenunua pia matusi yake? Mwaka 1993 Melina Marchetta alishinda kwa Looking for Alibrandi, riwaya yake ya kwanza, ambamo msichana wa ukoo wa Kiitalia anasoma mwaka wa mwisho wa sekondari mjini Sydney huku bibi yake akimsimulia siri za ukoo kidogokidogo. Wahamiaji waliokuwa wakipita pembezoni mwa hadithi za wengine wakakaa katikati. Mwaka 2003 alishinda Markus Zusak kwa The Messenger, kabla dunia haijamjua kwa The Book Thief.

Mwaka 2007 Shaun Tan, mtoto wa baba mhamiaji, alitwaa tuzo ya picha kwa The Arrival. Kama Sunshine cha Ormerod, hakina maneno. Mtu anafika katika mji ambao hawezi kusoma maandishi yake, na msomaji naye hawezi, kwa kuwa maandishi hayo hayapo duniani. Kwa kurasa zaidi ya mia moja, msomaji anakuwa mgeni pamoja naye.

Nje ya mipaka nako majina yakasikika. Mwaka 1986 Nishani ya Hans Christian Andersen, heshima kuu ya fasihi ya watoto duniani, ilikwenda Australia mara mbili kwa mpigo: Wrightson kwa uandishi na Robert Ingpen kwa uchoraji. Tuzo ya Astrid Lindgren ya Sweden ilimfikia Sonya Hartnett mwaka 2008, kisha Tan mwaka 2011. Mwaka 2024 ilikwenda kwa taasisi ya Australia inayopeleka vitabu kwenye jamii za wenyeji asilia na kuchapa hadithi zao kwa lugha zao wenyewe. Njia iliyoanzia kwenye ngano zilizohaririwa na wengine ilikuwa imefika mbali.

Watoto wenyewe wanasemaje?

Lawama moja imeifuata tuzo hii tangu utoto wake: watu wazima huchagua, watoto hupangiwa. Katika majimbo mbalimbali zikaanzishwa tuzo ambazo kura hupigwa na watoto tu, kama YABBA ya Victoria na KOALA ya New South Wales. Huko Paul Jennings, bingwa wa visa vya vichekesho na vituko, alizoa ushindi mwaka hadi mwaka, na baadaye Andy Griffiths na nyumba yake ya juu ya mti iliyokuwa ikiongezwa ghorofa kumi na tatu kila kitabu. Hakuna kati yao aliyewahi kuchukua Kitabu Bora cha Mwaka.

Baraza halikuziba masikio. Leo linaendesha mpango ambao wanafunzi husoma orodha fupi ileile ya waamuzi, hujadiliana, na kutoa washindi wao. Wakati mwingine wanakubaliana na wakubwa, wakati mwingine hapana. Mtoto anayelazimika kueleza kwa nini kitabu fulani hakistahili anajifunza kazi ileile waliyoifanya wale waliokaa kimya kati ya 1958 na 1965.

Siku hizi mzunguko wa mwaka unajulikana. Wachapishaji hupeleka vitabu vyao, waamuzi husoma mamia, hutoka orodha ndefu, kisha orodha fupi ya vitabu sita kwa kila kundi. Agosti, mwishoni mwa majira ya baridi ya huko, washindi hutangazwa na Wiki ya Vitabu huanza. Nchi nzima watoto huenda shule wakiwa wamevaa mavazi ya wahusika wanaowapenda, na wazazi hukesha usiku uliotangulia wakishona mikia na kukata masikio ya karatasi ngumu.

Katika maktaba ya shule, wiki hiyo, mkutubi hupanga mezani vitabu vyenye stika. Kama amekuwa kazini miaka mingi, ana vya zamani pia, stika zao zikiwa zimechakaa kwa vidole. Baadhi vimepitwa na wakati, vingine vinasomeka kwa aibu, na vichache bado vinagombewa. Baraza halijaondoa hata kimoja kwenye orodha yake. Jina la dharau la 1958 liko palepale, mistari kadhaa juu ya Nyoka wa Upinde wa Mvua, na miaka isiyo na mshindi imeandikwa kama ilivyokuwa. Juu kabisa amesimama Karrawingi, wa kwanza kufika kwenye rafu iliyokuwa ikiwasubiri wenyewe.